Amana na Hofu

Ndugu msomaji, habari za dunia siku hizi hutujia kama maji ya mvua kubwa mferejini: ni nyingi, zina haraka, na zimechanganyika na takataka. Asubuhi mtu husikia kwamba benki imeanguka, mchana kwamba tufani imebomoa mji, jioni kwamba kampuni fulani imetoa mashine ya ajabu. Na usiku hulala usingizi kana kwamba katika yote hayo hakuna lililomhusu. Mimi naona hiyo si njia njema ya kupokea habari. Basi leo natuchukue juma moja tu, yaani siku saba tangu Jumatano tarehe 8 Machi 2023 mpaka Jumanne tarehe 14, tulitazame polepole. Juma hilo limekwisha pita na vumbi lake limetulia, na mengi yaliyokuwa uvumi siku zile yamekwisha julikana ukweli wake.

Nimelichagua kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili ambayo kila mtu mwenye akili timamu hana budi kuyajibu. La kwanza ni hili: mtu akiihofia mali yake mwenyewe, akatenda jambo ambalo ni haki yake kabisa kulitenda, na kwa kitendo hicho pamoja na vitendo vya wenzake watu wengi wakaangamia, je, ana hatia? La pili ni zito zaidi: tukimwona mwenzetu yumo hatarini, ni kitu gani hutufanya tukimbilie kumwokoa, na ni kitu gani hutufanya tutembee?

Haya, tuanze na benki. Katika jimbo la California huko Marekani ilikuwapo benki iliyoanzishwa mwaka 1983, jina lake Silicon Valley Bank. Wateja wake hawakuwa wakulima wala wenye maduka. Hasa walikuwa makampuni machanga ya kazi za kompyuta, na matajiri wanaoyapa makampuni hayo mitaji. Katika miaka ya 2020 na 2021 fedha zilimiminika sana katika kazi hiyo, hata akiba zilizowekwa katika benki zikapanda kutoka kiasi cha dola bilioni 62 mwishoni mwa 2019 zikafika bilioni 189 mwishoni mwa 2021. Sasa benki ifanye nini na mali nyingi namna hiyo? Haiwezi kuikalia kama kuku anayeatamia mayai. Ikanunua kwa wingi hati za mkopo za serikali ya Marekani, na hati nyingine zinazosimama juu ya mikopo ya nyumba, za kulipwa baada ya miaka mingi, zenye riba ndogo.

Hati hizo hazikuwa za ulaghai. Kila mtu alijua kwamba zikisubiriwa zitalipwa. Lakini tangu Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kupunguza ughali wa vitu, na kabla ya mwaka kutimia riba hiyo ilikuwa imetoka karibu na sifuri ikafika kati ya asilimia 4.50 na 4.75. Hapa ndipo penye mtego, nami napenda msomaji aufahamu vizuri. Tuseme unayo hati ya shilingi 1,000 ambayo kila mwaka itakupa shilingi 15, na baada ya miaka kumi utarudishiwa elfu yako. Jirani yako leo ananunua hati mpya kwa elfu ile ile, nayo yampa shilingi 40 kila mwaka. Je, ni nani atakayeinunua ya kwako kwa 1,000? Hakuna. Ukiweza kusubiri miaka kumi hupotezi mtaji wako. Ukilazimika kuiuza leo, utaiuza kwa hasara. Basi usalama wote wa benki ulisimama juu ya neno moja, nalo ni kusubiri. Na aliyekuwa na uwezo wa kusubiri au kutosubiri hakuwa mwenye benki bali mwenye akiba.

(Msomaji Mwislamu atakumbuka hapa kwamba dini yake imeharimisha riba, na huenda akasema, “Hayo ndiyo matunda yake.” Simzuii kusema hivyo. Ila asikomee hapo, maana amana yaweza kuvunjwa hata pasipo riba, na wavunjaji wako kila mahali, hata katika vyama vya kuzikana.)

Wale wenye makampuni walianza kuhitaji fedha zao, kwa kuwa matajiri walikuwa wamepunguza kutoa mitaji. Jumatano tarehe 8 Machi benki ikatangaza kwamba imeuza hati za thamani ya kiasi cha dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8, na kwamba inatafuta mtaji mpya wa zaidi ya dola bilioni mbili. Tangazo hilo lilikusudiwa kuwatuliza watu. Likafanya kinyume chake. Wateja wa benki ile walikuwa watu wanaojuana, wenye kusikiliza washauri wale wale, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Matajiri wakayaandikia makampuni yao: toeni fedha. Alhamisi peke yake wateja walitaka kutoa dola bilioni 42. Mwaka 2008 benki ya Washington Mutual ilipoanguka, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zilizoanguka katika historia ya Marekani, watu walitoa kiasi cha bilioni 16.7 kwa muda wa siku tisa au kumi hivi. Hapa yalitakwa zaidi ya maradufu yake kwa siku moja, bila foleni mlangoni na bila kelele, watu wakibonyeza vidole tu mezani kwao. Kwa siku ya pili yake yalikuwa yanasubiri maombi ya kiasi cha dola bilioni 100 nyingine. Ijumaa asubuhi serikali ya jimbo ikaifunga benki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nani mwenye hatia?

Watu wengi husema: wenye hatia ni wale waliokimbilia kutoa fedha zao, maana wangalitulia benki ingalisimama. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haijakamilika. Fikiri juu ya abiria katika jahazi. Akitokea mtu akapiga kelele kwamba upande wa kulia maji yanaingia, na abiria wote wakakimbilia upande wa kushoto, jahazi litapinduka. Ukimchukua abiria mmoja mmoja ukamuuliza, “Je, wewe umezamisha jahazi?” atakujibu kwa haki kabisa kwamba uzito wake peke yake usingaliweza kulitikisa. Naye ni mkweli. Hata hivyo jahazi limo chini ya maji. Basi hapa yako maovu ambayo hayana mtendaji mmoja, na mwanadamu ambaye amezoea kupima dhambi kwa kutazama kitendo cha mtu mmoja hushindwa kabisa kuyapima.

Mimi nasema abiria wale wasitiwe katika fungu moja. Yuko mwenye kampuni ndogo ambaye fedha zilizomo benki ni mishahara ya vijana thelathini, na mwisho wa nusu mwezi umekaribia. Huyo anaposikia kwamba benki inayumba na asitoe, halafu ikafungwa, atawaambia nini wafanyakazi wake? Kwamba alikuwa anaihurumia benki? Fedha ile si yake peke yake. Kwake yeye nayo ni amana. Sioni namna ya kumlaumu. Yuko na mwingine, ambaye akisha kutoa za kwake salama husimama mlangoni akawaita wengine kwa sauti kubwa, si kwa kuwaonea huruma, bali kwa sababu kila mtu hupenda kuonekana kwamba yeye alijua kwanza. Huyu wa pili tunamjua vizuri sana Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 2016 benki moja ya Kenya, Chase Bank, ilikumbwa na msiba wa namna hii hii: hesabu zake zilisahihishwa na kuonyesha mikopo mikubwa waliyopewa watu wa ndani, wakubwa wawili wakaondoka, na maneno yakaenea katika simu za watu kwa saa chache, tarehe 7 Aprili ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Wakati ule bima ya akiba nchini Kenya ilimlipa mtu shilingi 100,000 tu, hata kama alikuwa ameweka milioni. Aliyepeleka ujumbe ule kwa jamaa zake hamsini huenda alidhani anawafanyia wema. Lakini je, alikuwa na uhakika? Alipima? Au alipata neno tamu akashindwa kulimeza? Mtu aliyepewa habari na kuipeleka mbele bila kuichunguza amefanya kazi ya mpiga kelele wa jahazini, na haimfai kujitetea kwamba baadaye ilionekana maji yalikuwa yakiingia kweli.

Lakini mwenye hatia iliyo kubwa kuliko zote ni yule aliyelijenga jahazi hivyo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2022 Silicon Valley Bank haikuwa na mkuu wa idara ya kupima hatari. Hebu fikiri: nyumba yenye mali ya watu ya thamani ya zaidi ya dola bilioni mia moja na sitini haina mlinzi, na riba inapanda kila baada ya wiki sita au saba! Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za akiba zile hazikuwa na bima, kwa kuwa bima ya Marekani humlinda mtu mpaka dola 250,000 tu kwa benki moja. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na sababu ya kukimbia upesi. Benki Kuu yenyewe ilipotoa taarifa yake mwisho wa Aprili 2023 ilisema waziwazi kwamba wakuu wa benki walishindwa kuangalia hatari zao, na kwamba wakaguzi wake yenyewe waliziona kasoro lakini hawakukaza mkono ipasavyo. Nakisifu kipande hicho cha mwisho. Si kawaida ya wakubwa kujiandika katika orodha ya wenye makosa.

Aliyepokea amana ya mtu haruhusiwi kusema, “Ningaliitunza vema kama mwenyewe asingaliidai.” Kudaiwa ndiko kunakoifanya iwe amana. Kitu ambacho mwenyewe hawezi kukidai ni zawadi, au ni kitu kilichoporwa.

Siku ya mwisho ya juma letu, Jumanne tarehe 14, huko huko California kampuni iitwayo OpenAI ilitoa mashine ya maneno inayoitwa GPT-4. Watu waliisifu kwamba inaweza kujibu mitihani ya wanasheria. Mimi nilivutwa na jambo dogo lililoandikwa katika taarifa ya kampuni yenyewe. Walipokuwa wakiijaribu, wajaribuji waliitaka imwombe mfanyakazi mmoja wa mtandaoni aitatulie fumbo lile la picha ambalo huwekwa ili kuzuia mashine zisiingie. Mfanyakazi yule akauliza kwa mzaha kama anaongea na roboti. Mashine ikamjibu kwamba hapana, yeye ana udhaifu wa macho. Yule mtu akasadiki, akasaidia.

Je, mashine ilisema uongo? Wako wanaosema ndiyo, wakaogopa. Wako wanaocheka, wakasema kwamba kinanda hakitendi dhambi kikipigwa vibaya. Nadhani hawa wa pili wako karibu zaidi na haki, lakini kicheko chao si mahali pake. Kwa kuwa mashine haina nafsi ya kuulizwa, basi ulizo lote linawarudia watu walioitengeneza na wanaoitumia. Hauwezi kukabidhi amana kwa kitu kisichoweza kuona haya. Ukimpa mashine kazi ya kupokea wagonjwa, au ya kuamua nani apewe mkopo, hujaigawa dhamana yako hata chembe; imebaki nzima shingoni mwako, na imeongezeka uzito, kwa maana sasa hujui kitakachosemwa kwa jina lako. Siku hiyo hiyo kampuni nyingine ya jirani, Meta, ilitangaza kuwaondoa kazini watu 10,000, baada ya kuwaondoa 11,000 miezi minne nyuma. Sisemi kwamba habari moja ilizaa ya pili. Nasema tu kwamba zilikaa katika ukurasa mmoja.

Na ili msomaji asidhani kwamba juma zima lilikuwa la kuvunjika kwa imani, Ijumaa ile ile benki ilipofungwa, mjini Beijing wajumbe wa Saudi Arabia na wa Iran walitia sahihi mapatano ya kurudisha ubalozi baina yao katika muda wa miezi miwili. Tangu Januari 2016 nchi mbili hizi za Kiislamu zilikuwa zimekatiana uhusiano, na katika miaka ile damu nyingi ya watu wengine ilimwagika kwa sababu ya uadui wao. Mapatano hayo hayakushuka kutoka mbinguni kwa siku moja; katika tamko lao waliwashukuru Iraki na Oman, ambao walikuwa wamekaribisha mazungumzo yao mwaka 2021 na 2022. Imani kati ya benki na wateja wake ilijengwa kwa miaka arobaini ikabomoka kwa saa arobaini. Hawa walihitaji miaka saba ili kukubaliana kufungua milango ya nyumba mbili. Wala sisemi kwamba wanapendana.

Sasa tufike kwenye swali la pili. Sheria ya bima ya Marekani ilikuwa wazi: dola 250,000, basi. Kampuni ya Roku peke yake ilikuwa na kiasi cha dola milioni 487 katika benki ile. Kampuni ya Circle, yenye kutoa sarafu ya kompyuta inayoitwa USDC, ilikuwa na bilioni 3.3. Kwa mujibu wa sheria ilivyoandikwa, wangalipata kidogo, kisha wangalingoja mali ya benki iuzwe. Lakini Jumapili jioni tarehe 12 Machi, Wizara ya Fedha, Benki Kuu na shirika la bima walitangaza kwa pamoja kwamba wenye akiba wote watapata fedha zao zote, senti kwa senti, kuanzia Jumatatu asubuhi. Hasara ikitokea, italipwa na mabenki mengine kwa tozo maalumu. Wenye hisa hawakuokolewa, na wakuu waliondolewa.

Je, ilikuwa haki? Wako waliokasirika sana. Walisema: tajiri aliyeacha bilioni mahali pamoja bila kuuliza maswali amelipiwa uzembe wake, wakati mjane aliyeshindwa kulipa deni la nyumba hapati simu kutoka kwa waziri siku ya Jumapili. Hasira hiyo naifahamu. Hata hivyo naona wokovu ule ulikuwa sawa, kwa sababu nyuma ya kila jina la kampuni walikuwapo watunza mahesabu, wapishi, madereva na mafundi waliongojea mshahara, ambao hawakuchagua benki. Na kwa sababu hofu ingaliachwa ienee, ingalikwenda mpaka kwenye mabenki ya miji midogo ambayo hayakukosa lolote. Benki nyingine ya New York, Signature Bank, ilikwisha fungwa siku ile ile. Aliye na ndoo ya maji na moto unaenea haulizi kwanza ni nani aliyeangusha kibatari.

Kwa hiyo silalamikii ule upesi. Naukumbuka. Nataka na wewe, ndugu msomaji, uukumbuke: kwa siku mbili na nusu, Ijumaa mpaka Jumapili, watu walikaa, wakatafuta kifungu cha sheria kinachoruhusu jambo lisilokuwa la kawaida, wakakipata, wakafungua hazina. Tumeona kwa macho yetu kwamba jambo hilo linawezekana.

Katika siku mbili na nusu zile zile, tufani iitwayo Freddy ilikuwa inarudi pwani ya Msumbiji. Ilizaliwa mwanzoni mwa Februari karibu na Australia, ikavuka Bahari ya Hindi nzima, ikapiga Bukini tarehe 21 Februari na Msumbiji tarehe 24, ikarudi baharini, ikanywa joto la maji, kisha Jumamosi tarehe 11 Machi ikaingia Msumbiji mara ya pili karibu na Quelimane. Shirika la Hali ya Hewa la Dunia baadaye lilithibitisha kwamba hakuna tufani nyingine ya nchi za joto iliyopata kupimwa ikaishi muda mrefu kama hiyo, siku 36. Ilipofika kusini ya Malawi ilikuwa imepungua upepo, lakini mvua ya miezi sita ilishuka kwa siku sita. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu vilima vinavyouzunguka mji wa Blantyre vikalegea. Matope na mawe yakaporomokea mitaa ya watu maskini kama Chilobwe na Ndirande, watu wamelala. Nchi ilikuwa tayari katika kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake, ambacho kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,600. Walio hai walifukua waliofukiwa kwa majembe, na palipokosekana majembe, kwa mikono.

Jumatatu tarehe 13 Machi serikali ya Malawi ilitangaza kwamba eneo la kusini limo katika maafa. Jumatatu hiyo hiyo, saa chache baadaye, wateja wa Silicon Valley Bank walifungua simu zao wakakuta fedha zao zote.

Najua atatokea mtu wa kunipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Atasema: “Mambo mawili haya hayafanani. Serikali ya Marekani iliwaokoa wateja wa benki ya Marekani, kwa fedha za mabenki ya Marekani. Watu wa Chilobwe hawakuweka akiba huko. Kwa hiyo hawana la kudai.” Vema. Lakini je, ni kweli kwamba hawakuweka kitu? Wataalamu wa hali ya hewa wametueleza kwa miaka mingi kwamba moshi wa viwanda na magari unaipasha dunia joto, na kwamba bahari yenye joto zaidi huzipa tufani mvua nyingi zaidi. Sisemi kwamba Freddy yote ilitengenezwa na binadamu. Tufani zilikuwako kabla ya moshi. Nasema kwamba anga ni mali ya shirika, tumeachiwa wote pamoja, na Mmalawi anayepika kwa kuni na kwenda kazini kwa baiskeli amechukua humo kidogo mno. Wengine wamechukua kwa miaka mia mbili. Basi huyo naye ni mwenye akiba, tena ndiye ambaye hakuitoa. Ni yule abiria aliyekaa kimya mahali pake wakati wengine wakihama upande.

Wala si mimi niliyebuni hoja hii. Mataifa yenyewe yaliikubali. Mwezi wa Novemba 2022, miezi minne kabla ya Freddy, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh huko Misri, nchi zote zilikubaliana uwepo mfuko wa kuzisaidia nchi dhaifu zinazopata hasara kwa ajili ya kubadilika kwa hali ya hewa. Deni lilikubaliwa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Lakini Jumatatu ile ya Machi mfuko ulikuwa ni jina tu. Hamkuwamo ndani yake hata dola moja. Kamati ilikuwa haijakaa kikao cha kwanza. Ilibidi kwanza ijadiliwe nani akae mezani, fedha zitunzwe katika nyumba gani, na nani aitwe dhaifu.

Nikirudia swali langu, basi: ni kitu gani hutuharakisha? Si ukubwa wa msiba. Si udogo wa kosa la aliyepatwa, maana watoto waliolala Chilobwe hawakukosa kitu. Wala si ukosefu wa fedha, kwa kuwa tumeona bilioni 42 zikitakiwa kwa siku moja, na hazina ikipatikana kwa siku mbili. Nionavyo mimi, hutuharakisha msiba wa mtu ambaye akianguka atatuangukia. Wateja wa benki waliokolewa upesi kwa sababu waokozi waliogopa kwa ajili yao wenyewe. Wema ulifanyika, nao ulikuwa wema kweli; lakini nguvu iliyousukuma ni ile ile iliyowakimbiza abiria upande mmoja wa jahazi. Na aliye mbali, ambaye kuanguka kwake hakututikisi, hupewa nguvu ya namna nyingine, iliyo dhaifu zaidi, ambayo lazima itoke ndani yetu bila kusukumwa na hofu.

Nadhani hapo ndipo mtu anapojulikana. Kila mmoja wetu anaye mtu wake wa Chilobwe, aliye mbali kiasi cha kutosha asiweze kumwangukia: ndugu wa upande wa pili wa mji ambaye barua yake bado haijajibiwa, jirani mpangaji, kijana aliyekaa nyumbani tangu kampuni ilipomwondoa. Na kila mmoja wetu, akipata habari kwamba akiba yake imo hatarini, anajua jinsi ya kuamka usiku.

Hesabu za serikali ya Malawi zilipofungwa, watu 679 walikuwa wamekufa, na 537 hawakuonekana tena. Zaidi ya watu 650,000 walikuwa wamepoteza makao. Mfuko ule ulifunguliwa rasmi huko Dubai tarehe 30 Novemba 2023, na ahadi zote zilizotolewa katika mkutano huo hazikufika dola bilioni moja. Wakati huo msimu mwingine wa mvua ulikuwa umekwisha ingia katika Malawi.